Fundi wa Makufuli Asipewe Chuma Chochote

Ndugu wafanyakazi,

Karatasi yetu hii imezoea habari za mishahara, saa za kazi na likizo. Leo naomba nafasi niseme habari ya kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole. Msicheke kwanza. Kipande hicho kimepunguza mshahara wa fundi zaidi ya mmoja, na kimemfanya mtu mwaminifu aonekane mharibifu mbele za watu. Jambo likigusa mshahara na heshima ya mfanyakazi, hilo ni jambo la chama.

Hapa Ziwa twajulikana kwa mahindi, ngano na maziwa. Lakini penye ghala pana kufuli, penye duka pana kufuli, na kila chumba cha kupanga, kiwe cha mwalimu, cha mhudumu wa hospitali au cha mwendesha bodaboda, kina kitasa. Ufunguo ukipotea usiku, mtu hangoji fundi atoke Eldoret mjini. Humwita kijana aliyeajiriwa katika duka la vyuma au karakana ya milango, naye kijana hupewa mfuko wa vyombo na kuambiwa, "Nenda ukafungue, urudi upesi." Nasema kwa niaba ya kijana huyo, kwa sababu mimi nilikuwa yeye.

Msimu mmoja wa mavuno, tajiri wangu wa wakati ule alinituma kwenye ghala la mahindi. Lori lilikuwa limesimama mlangoni, wapakiaji wamekaa juu ya magunia matupu, na mwenye ghala anapiga simu huku na huku. Ndani ya mfuko mlikuwa na vyuma vitatu vya kuchokolea, na chuma kimoja tu cha kukazia, kinene, kilichopindwa kutoka kwa spoki ya baiskeli. Nilipokitia katika tundu la ufunguo kililijaza nusu nzima. Chuma cha kuchokolea hakikupata nafasi ya kuinuka. Nikaongeza nguvu, na kadiri nilivyoongeza ndivyo pini zilivyozidi kubana. Baada ya nusu saa msimamizi akaja na drili. Kufuli likafa na tumbuu ikapinda. Mwisho wa mwezi nilikatwa shilingi 1,400, bei ya kufuli jipya, na karani akaandika katika kitabu neno moja: "Uzembe."

Neno lile liliniuma kuliko zile shilingi. Sikuwa mzembe. Nilipewa chombo kisichofaa, kisha nikalipishwa kwa kuwa hakikufaa.

Kwa wenzetu wasioijua kazi hii, naeleza kidogo ili mpate kuhukumu wenyewe. Makufuli mengi ya leo, na vitasa vya milango ya chuma vyenye ufunguo mdogo bapa, hufuata mtindo wa Linus Yale mdogo wa Marekani, aliyepata hataza zake mwaka 1861 na 1865. Ndani mna kipande cha mviringo cha shaba kinachozunguka ukitia ufunguo. Sisi mafundi tukiite moyo wa kufuli. Juu ya moyo huo kuna pini ndogo, mara nyingi tano, kila moja imekatwa vipande viwili na kusukumwa chini na springi. Ufunguo wa haki huziinua pini zote mpaka mikato yao inakuwa sawa na ukingo wa moyo. Hapo moyo unazunguka.

Fundi asiye na ufunguo hufanya kazi hiyo hiyo kwa mikono miwili. Mkono mmoja hushika chuma cha kukazia, ambacho huuvuta moyo uzunguke kidogo sana. Mkono wa pili huinua pini moja moja kwa chuma cha kuchokolea. Kwa kuwa hakuna kufuli lililotobolewa sawa kabisa, pini moja hubana kabla ya nyingine. Ukiiinua hiyo hadi ukingoni, moyo husogea kidogo kama unywele, na pini nyingine hubana. Ndivyo mpaka mwisho. Watu hutazama mkono unaochokoa na kuusifu. Fundi ajuaye kazi atawaambia ya kwamba mkono unaokaza ndio unaofungua kufuli. Ukikaza mno, pini zote hubana pamoja nawe hujui ipi ni ipi. Ukilegeza mno, zilizokwisha kukaa zinaanguka. Nguvu itakiwayo si zaidi ya ile ya kubonyeza kitufe cha simu.

Basi chuma cha kukazia kichaguliwe namna gani? Nitasema niliyojifunza kwa hasara, ili kijana wa leo asijifunze kwa mshahara wake.

Kwanza, unene. Chuma kimoja hakitoshi makufuli yote. Fundi awe na vitatu walau: cha milimita 0.8, cha 1.0 na cha 1.3. Kinachofaa ni kile kinachokaa katika tundu bila kuchezacheza na bila kukwaruza kuta za nje ya moyo. Kikigusa mwili wa kufuli, utadhani moyo umekataa, kumbe ni chuma chako kinachojizuia chenyewe.

Pili, mahali pa kukitia. Wengi wetu tulifundishwa kukitia chini ya tundu. Katika tundu pana si vibaya. Lakini katika tundu jembamba, kama ya makufuli mengi mapya, chuma cha chini hula nafasi ya kuchokolea. Hapo hutiwa juu ya tundu, mdomoni kabisa, kifupi kiasi cha kutogusa pini ya kwanza. Laiti ningalijua jambo hili moja siku ile ghalani, pengine lori lingaliondoka kwa wakati.

Tatu, ugumu. Viko vyuma vya kukazia vilivyosokotwa shingoni ili vinepe. Wanaoviuza husema vinamlinda anayeanza asikaze mno. Mimi naona vinamficha habari. Chuma kigumu hukuletea kidoleni kila mlio mdogo wa pini, lakini kile kinachonepa huumeza. Anayeanza na ajifunze wepesi wa mkono, asitafute chuma cha kumfichia uzito wake.

Nne, urefu. Chuma kirefu huzidisha nguvu ya kidole bila wewe kujua. Kwa kufuli dogo kifupi chafaa zaidi, nacho hakigongani na upinde wa kufuli.

Tano, asili ya chuma chenyewe. Spoki ya baiskeli hupinda na kubaki imepinda. Chuma cha springi hurudi. Vile vipande vyembamba vilivyomo ndani ya wipa za magari, ambavyo karakana nyingi huvitupa pamoja na mpira uliochakaa, vinafaa sana, na havigharimu kitu zaidi ya kuomba. Ila ukivinoa kwa grinda, chovya majini mara kwa mara. Kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha kupotea, na utakuwa umetengeneza spoki nyingine.

Sasa nije kwa chombo cha pili, ambacho matajiri wengi hukataa kabisa kukinunua, wakisema ni anasa. Ni spina, kifaa chenye springi cha kuzungushia moyo wa kufuli kwa ghafula. Watu hawaelewi kazi yake, na wengine hudhani hufungua kufuli chenyewe. Hakifungui. Kazi yake huja baada ya kazi yako kwisha.

Mlango hufunguka kwa upande mmoja. Lakini pini hazijali upande huo. Pengine kufuli linakubali kuchokolewa kwa kukazwa kulia, na kushoto likakataa, kwa sababu ya jinsi lilivyotobolewa kiwandani. Umechokoa dakika ishirini, moyo umezunguka, nao umezunguka upande wa kufunga. Ukiurudisha pole pole, unapofika mahali pake pa kwanza springi zinasukuma pini chini, nawe umerudi mwanzo. Hapo ndipo spina hutumika. Unaikunja springi yake, unatia ncha katika tundu, unaiachilia. Moyo unapita pale mahali pa hatari upesi kuliko springi za pini zinavyoweza kusukuma, nao unaangukia upande wa kufungua. Kazi ya dakika ishirini imeokolewa kwa nukta moja.

Spina nzuri ina sifa chache. Izunguke pande zote mbili, kulia na kushoto, la sivyo siku moja kati ya mbili itakuwa mzigo tu. Ncha yake iwe nyembamba, iingie katika tundu za makufuli tunayoyakuta hapa kwetu, wala si zile za picha ya dukani. Kishikio kishike imara mpaka wewe uachilie, kwa maana spina inayoruka mkononi kabla ya wakati itakurudisha mwanzo na kukuumiza kidole. Tena isiwe dhaifu. Kitasa kinachosukuma ulimi mzito, au kilichojaa vumbi la mahindi, huizima spina katikati ya njia. Safisha tundu na tia mafuta kidogo kabla ya kuanza. Na moyo ukizunguka nusu nzima, tundu la ufunguo likaelekea juu, tia kipande bapa kulijaza, kwa maana pini za juu zaweza kudondokea ndani yake na kukwamisha kila kitu.

Naongeza onyo moja. Vitasa vya zamani vya milango ya mbao, vyenye ufunguo mrefu wa duara na meno mwishoni, havina moyo wa kuzunguka wala pini. Ndani mna mabamba, na vyombo vyake ni vingine. Tajiri anayekupa spina kwa kitasa hicho hajui kazi, na fundi anayeikubali bila kusema neno naye amekosea.

Najua wako watakaonipinga. Wa kwanza ni msimamizi. Atasema, "Mambo haya yote ya nini? Drili humaliza kwa dakika tano." Ni kweli, drili ina siku yake. Kufuli lililoshikwa na kutu, au lililovunjikiwa na ufunguo na pini zake kuharibika, halina dawa nyingine. Lakini kufuli zima likitobolewa, mwenye mali hununua jingine, na mara nyingi hulipa na tumbuu pia. Mpangaji wa chumba kimoja hapa Ziwa akitozwa ufunguzi na kitasa kipya kwa siku moja, jioni atakula nini? Mpangaji huyo ni mfanyakazi kama sisi. Dakika za msimamizi zinatoka mfukoni mwa mfanyakazi mwingine.

Wa pili ni yule asemaye, "Mkifundishana haya mtafundisha wezi." Namheshimu, kwa kuwa hofu yake ni ya haki. Lakini mwizi hana subira ya kukaa mlangoni akisikiliza pini. Yeye huja na mtaimbo, au mkasi wa kukatia vyuma. Tena historia yatufundisha. Mwaka 1851 palikuwa na maonyesho makubwa mjini London. Alifika huko fundi wa makufuli kutoka Marekani, Alfred Charles Hobbs. Alifungua kitasa cha Chubb kilichosifiwa sana kwa dakika 25 hivi. Kisha akalikabili kufuli la Bramah, ambalo lilikuwa dirishani mwa duka lao kwa miaka mingi pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayelifungua. Alilifungua, naye alitumia saa 51 katika siku 16. Hakutumia nguvu. Alishikilia mkazo kwa uthabiti na kupima kila kipande kwa zamu yake. Wako waliolalamika ya kwamba amewasaidia wezi. Lakini watengenezaji, baada ya kuaibika, walirudi kazini na kuboresha makufuli yao. Kuficha udhaifu wa kufuli hakumlindi mwenye ghala. Humlinda muuzaji wa kufuli baya.

Hata hivyo, hofu hiyo yatupasa sisi mafundi kuishi kwa utaratibu. Tusifungue mlango kwa neno la mtu mmoja tuliyemkuta barabarani. Tuone kitambulisho, tumwite jirani au mwenye nyumba, tuandike jina, saa na mahali katika daftari, na mwenye kuomba atie sahihi. Daftari hilo ni ngao ya mteja, tena ni ngao yetu sisi.

Nasema ngao yetu kwa sababu ya sheria. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chasema ya kwamba mtu akiwa nje ya makazi yake na kifaa cha kutumika katika kuvunja nyumba au kuiba, ametenda kosa kubwa. Tena kifaa chenyewe kikiwa kimetengenezwa kwa kazi ya namna hiyo, kukutwa nacho ni ushahidi juu yako. Sasa mfikirie kijana wetu anayetoka kufungua duka saa tatu usiku, vyuma vya kukazia na spina vimo mfukoni, hana barua wala kitambulisho cha kazi. Askari wa doria atajuaje ya kwamba huyu ni fundi? Tajiri aliyemtuma amelala nyumbani. Hatari yote imebebwa na yule anayelipwa kidogo kuliko wote.

Na sheria nyingine iko upande wetu, ila wengi hawaijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara ya mali aliyo nayo kihalali, na hasara hiyo iwe imeletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi, tena akate kiasi cha haki. Lisomeni neno makusudi mara mbili. Fundi aliyepewa spoki ya baiskeli badala ya chuma cha springi, akashindwa, hakukusudia. Kufuli la mteja lililotobolewa kwa amri ya msimamizi si kosa la fundi hata kidogo. Zile shilingi 1,400 zilizokatwa kwangu, sasa najua, nilikuwa na haki ya kuzidai. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa peke yangu, na karani alikuwa na kitabu.

Basi naleta mbele ya wanachama mambo manne, tuyajadili katika mkutano wa tawi.

Moja. Kila mwajiri anayemtuma mtu kufungua makufuli ampe vyombo vinavyofaa: vyuma vya kukazia vya unene mbalimbali, na spina moja walau kwa kila karakana. Vyombo vikiharibika kwa kazi, mwajiri avibadilishe yeye.

Mbili. Asikatwe mtu mshahara kwa kufuli lililoharibika mpaka jambo limechunguzwa, naye fundi amesikilizwa mbele ya mwakilishi wake. Vyombo alivyopewa viletwe mezani vionekane.

Tatu. Kila fundi awe na barua ya kazi yenye jina lake, kazi yake na mhuri, na daftari la kazi alizotumwa. Sheria ile ile, kifungu cha 9, yataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Hatuombi hisani.

Nne. Wazee wa kazi wawafundishe vijana. Leteni makufuli mabovu mliyo nayo nyumbani, tuyafungue na kuyafunga pamoja Jumamosi mchana. Kijana akivunja kufuli bovu la mazoezi hakuna anayepoteza shilingi.

Yuko atakayesema mafundi wa makufuli ni wachache, chama kina mambo makubwa zaidi. Namjibu hivi. Makhan Singh na wenzake walipojenga chama cha wafanyakazi mjini Nairobi mwaka 1935, hawakungoja watu wawe wengi. Na jambo hili si la makufuli peke yake. Mwashi aliyepewa pima mbovu, fundi cherehani aliyepewa sindano butu, mkamuaji aliyepewa ndoo inayovuja, wote huulizwa swali lile lile mwisho wa mwezi: kwa nini umeharibu? Wakati umefika sisi tuulize la kwetu: ulinipa nini nifanyie kazi?

Atakayetumwa kesho kufungua mlango, na afungue mfuko wake kwanza mbele ya msimamizi, ahesabu vyombo, na kama hakuna cha kufaa aseme pale pale, kabla ya kuondoka. Ni maneno machache. Mimi nilichelewa kuyasema, na nikalipa.

Umoja ni nguvu.

Ndugu yenu katika kazi,
Fundi, Ziwa